Tezi Isiyokuwa Tezi: Historia ya Homoni za Neva za Wadudu na Kaa, na Taabu ya Kuzipa Majina

Katika istilahi za elimuviumbe ambazo hadi leo huwatatiza wafasiri na walimu, zimo chache zihusuzo homoni zitokazo katika mfumo wa neva wa wadudu na wa krasteshia, yaani jamaa ya kaa, kamba na uduvi. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kujazia kurasa za jarida hili. Ni nani, ila mtaalamu mmoja au wawili, atakayehitaji kulitaja kwa Kiswahili lile donge lisilofikia ukubwa wa punje ya mtama, lililojificha ndani ya kikonyo cha jicho la kaa? Hata hivyo tumeona inafaa tulieleze kwa kirefu, kwa sababu historia ya donge hilo ni historia ya jina lililotolewa mapema, likakosea, na likabaki. Sisi tunaotafsiri baada ya wengine tumo katika hatari ya kulitafsiri kosa lenyewe, tena kwa ufasaha.

Hapana budi tuanze na neno homoni. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wa University College mjini London, walionyesha kwamba utumbo mdogo hutoa kitu kiingiacho katika damu na kuiamsha kongosho itoe maji yake, hata baada ya neva ziendazo kwenye utumbo huo kukatwa. Mwaka 1905 Starling akavipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, akilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Kuanzia hapo kazi ya kupeleka habari mwilini ikagawanywa mafungu mawili. Neva ilikuwa kama tarishi anayechukua barua na kuikabidhi mkononi mwa mtu mmoja. Homoni ilikuwa kama mbiu, ambayo ikilia mji mzima huisikia, lakini huitika yule tu inayemhusu. Tarishi alihesabiwa kuwa mtu wa neva, mpiga mbiu mtu wa tezi, na ni wachache mno waliodhani kwamba mtu mmoja angeweza kushika kazi zote mbili.

Wadudu hawakuwamo hata katika hesabu hiyo. Watafiti kadhaa walikuwa wamewahasi viwavi, na nondo waliotokea wakawa na sura na rangi zilezile za dume au jike kana kwamba hakikuondolewa kitu. Basi ikaaminika kwamba wadudu hawana homoni. Aliyeitikisa imani hiyo ni Stefan Kopeć, mtu wa Poland, katika taarifa zake za mwaka 1917 na 1922. Alitumia viwavi wa nondo aitwaye Lymantria dispar, mharibifu wa misitu ya Ulaya, na alichokitegemea hasa ni uzi na kisu. Alimfunga kiwavi aliye katika hatua ya mwisho ya ukuaji katikati ya mwili, akaukaza uzi hata damu isipite. Alipofunga kabla ya siku ya 10 hivi ya hatua hiyo, nusu ya mbele iligeuka pupa na nusu ya nyuma ikabaki kiwavi. Alipofunga baadaye, nusu zote mbili ziligeuka. (Neno hili pupa, lililotoholewa, kwa bahati mbaya katika Kiswahili lina maana ya haraka, na huku mdudu mwenyewe katika hali hiyo ametulia tuli ndani ya ganda.) Kopeć akaukata ugwe wa neva upitao tumboni, haikuleta tofauti. Akauondoa ubongo mapema; kiwavi akaishi siku nyingi bila kugeuka kamwe. Akauondoa baada ya siku ile ya 10. Kiwavi akageuka kama kawaida. Naye akasema lililokuwa dhahiri mbele ya macho yake, kwamba ubongo wa kiwavi hutia kitu katika damu, na kitu hicho ndicho kianzishacho mageuzi.

Maneno hayo yalikuwa mazito kupokelewa. Ubongo ndio mkuu wa neva zote, na kusema kwamba mkuu wa matarishi ndiye apigaye mbiu kulikuwa ni kuvuruga utaratibu mzima uliokwisha kuandikwa vitabuni. Kwa muda wa miaka zaidi ya 10 kazi ya Kopeć haikupata wafuasi wengi. Yeye mwenyewe aliuawa na Wajerumani karibu na Warsaw mwaka 1941.

Aliyeirudia njia hiyo kwa nguvu ni Vincent Wigglesworth, aliyekuwa akifundisha London katika chuo cha afya na maradhi ya nchi za joto. Yeye alimchagua Rhodnius prolixus, mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kusini, ambaye katika kila hatua ya ukuaji hunywa damu mara moja, akashiba, kisha akajivua ngozi baada ya siku kadhaa. Mwaka 1934 Wigglesworth alitangaza kwamba mdudu huyo akikatwa kichwa mara tu baada ya kunywa damu huendelea kuishi miezi mingi bila kujivua. Akikatwa baada ya siku chache zaidi, hujivua bila kichwa. Na wawili wasio na vichwa wakiunganishwa ili damu yao ichanganyike, mmoja akiwa amekwisha kuupita wakati huo, hujivua wote wawili. Kufikia mwaka 1940 alikuwa ameonyesha ni sehemu gani ya ubongo itoayo amri hiyo. Wigglesworth huyohuyo aligundua homoni nyingine, itolewayo na vitezi viwili vilivyo nyuma ya ubongo, ambayo humfanya mdudu mchanga abaki mchanga. Mwanzoni aliieleza kuwa ni homoni izuiayo mageuzi. Baadaye akaona kwamba haizuii tu, bali inadumisha hali fulani, akaiita homoni ya uchanga. Twalitaja badiliko hilo kwa kuwa si mara nyingi mwenye kugundua kitu hupata nafasi, na moyo, wa kulisahihisha jina alilolitoa mwenyewe.

Katika upande wa krasteshia mambo yalianzia machoni. Mwaka uleule wa 1905 ambapo Starling alitoa neno lake, Charles Zeleny wa Marekani aliona kwamba kaa aliyekatwa vikonyo vya macho hujivua gamba upesi kuliko wenzake. Hakuna aliyejua sababu. Kisha Gottfried Koller, Mjerumani, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba damu ya uduvi mweusi ikitiwa katika mwili wa uduvi mweupe humbadilisha rangi. Mwaka 1928 Earle Perkins wa Marekani akakata neva za uduvi, na rangi zikaendelea kubadilika kama kawaida. Akauziba mshipa mkubwa wa damu, na sehemu isiyopata damu ikabaki na weusi wake. Alipotwanga vikonyo vya macho na kuyadunga maji yake katika mwili wa uduvi aliyekuwa mweusi, uduvi huyo akageuka mweupe. Ndani ya vikonyo, basi, mlikuwa na homoni. Ilibaki kuuliza ni kitu gani kiitoacho.

Aliyejibu ni Bertil Hanström wa Uswidi, na hapa ndipo lilipozaliwa jina tunalolishughulikia. Katika miaka ya 1930 alikata vikonyo vya krasteshia wa aina nyingi katika vipande vyembamba, akavitia rangi, akavitazama kwa darubini. Aliona vitu viwili. Cha kwanza ni donge linalong'aa kwa weupe au ubuluu, lililokaa ukingoni mwa uwazi upitao damu. Kwa kuwa lilijaa matone yafananayo na yale ya tezi, aliliita tezi, kwanza kwa jina la damu, kisha kwa jina la ule uwazi. Nasi tukilitohoa tutapata tezi sinasi. Cha pili ni fungu la seli asiloweza kusema ni la kazi gani, akaliita kwa herufi tu: kiungo X. Msomaji azingatie tofauti ya majina haya mawili. Moja linadai kujua. La pili linakiri kutojua.

Kwa muda wa miaka 20 hivi watafiti walikata, walitwanga na kupandikiza tezi sinasi, na kila badiliko lililoonekana waliliandika kwa jina lake. Lakini mambo hayakulingana. Kaa aliyeondolewa kikonyo kizima alijivua mapema. Aliyeondolewa donge lile peke yake, mara nyingi hakujivua mapema. Ikiwa tezi imeondolewa, mbona amri yake bado inafika? Jibu lilipatikana mwaka 1951, wakati Dorothy Bliss na L. M. Passano, wote wa Marekani, kila mmoja katika kazi yake, walipoonyesha kwamba tezi sinasi haitengenezi homoni zake. Donge lile ni ncha za neva zilizovimba, zimebanana pamoja ukingoni mwa damu. Seli zenyewe ziko kwingineko, na nyingi zimo katika kiungo X. Homoni hutengenezwa huko, husafiri ndani ya nyuzi za neva, huwekwa katika ncha zile, na hufunguliwa damuni wakati ufikapo. Hanström aliona matone, na matone yalikuwamo kweli. Ila alikuwa ameliona ghala akalidhani kiwanda.

Ugunduzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 Ernst Scharrer, mwanafunzi wa Karl von Frisch mjini Munich, alikuwa ameandika kwamba ndani ya ubongo wa samaki mdogo wa mito ya Ulaya zimo seli za neva zilizojaa matone kama seli za tezi. Wataalamu wengi walimpinga. Wengine walisema matone hayo ni dalili ya ugonjwa, wengine kwamba ni uharibifu wa nyama iliyokwisha kufa. Ernst na mkewe Berta wakagawana ulimwengu wa wanyama: mume akachukua wenye uti wa mgongo, mke wasio nao. Waliihama Ujerumani ya Hitler mwaka 1937, wakafika Chicago. Mume alipata nafasi ya kazi. Mke, kwa kanuni za vyuo vya siku zile zilizokataza mke na mume kuajiriwa mahali pamoja, hakupata kazi wala mshahara. Basi akatafuta mnyama asiyegharimu fedha, akaanza na mende wa ghorofa ya chini ya jengo. Baadaye mjini New York alipata mende wakubwa zaidi, Leucophaea maderae, walioingia bila kualikwa pamoja na wanyama wa maabara kutoka Amerika ya Kusini. Kwa mende hao alionyesha, mwaka 1952, kwamba neva itokayo katika ubongo ikikatwa, matone hurundikana upande wa ubongo kama maji nyuma ya boma, na upande wa pili hupungua. Kwa hiyo matone husafiri, wala si uchafu wa kifo. Cheo cha profesa alikipata mwaka 1955.

Hivyo hatimaye ilikubaliwa kwamba iko seli ambayo ni tarishi na mpiga mbiu kwa pamoja. Mwaka 1953 David Carlisle na Francis Knowles walitoa jina jipya kwa maghala ya namna ya tezi sinasi, jina lililounganisha neno la neva na neno la damu. Lakini tezi sinasi yenyewe haikubadilishwa jina. Vitabu vya leo bado huiita tezi, na katika mstari unaofuata hueleza kwamba si tezi.

Kemia nayo ilileta taabu yake. Mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson walipata miligramu 25 tu za homoni ya kujivua, ekdisoni, kutoka kilo 500 za pupa za nondo wa hariri. Hiyo haitoki katika neva bali katika tezi za kifua cha mbele, ambazo huamshwa na ile homoni ya Kopeć. Homoni za neva zilikawia zaidi. Ile ya Kopeć iliitwa homoni ya ubongo kwa miaka mingi, na mwaka 1962 ilitangazwa Japani kwamba huenda ni kolesteroli, jambo ambalo halikusimama; muundo wake, ambao ni protini, ulijulikana huko Japani mwaka 1990 hivi. Siku hizo jina la homoni ya ubongo lilikuwa limekwisha kufa, kwani ubongo wa mdudu mmoja hutoa homoni nyingi, si moja.

Homoni ya kwanza ya neva za wanyama hawa kujulikana muundo ilitoka kwa kamba. Mwaka 1972 Per Fernlund na Lars Josefsson wa Uswidi waliieleza homoni ya vikonyo vya macho vya kamba wa bahari za kaskazini, Pandalus borealis, yenye asidi amino 8. Jina lake la kimataifa husema kwamba inakusanya rangi nyekundu. Hapa twaomba wafasiri wawe macho. Tumepata kuona pendekezo la kuiita homoni ya kukoleza rangi nyekundu, na kwa sikio la Mswahili rangi iliyokolea ni rangi iliyozidi. Kumbe kinachotendeka ni kinyume: chembe za rangi hukusanywa katikati ya seli, na mnyama hupauka. Mfasiri aliyetafsiri neno bila kuuliza tendo ameugeuza ukweli juu chini, na mwanafunzi atakayemsoma atajibu mtihani kwa kosa lisilo lake.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1976, ulijulikana muundo wa homoni ya nzige ambayo huyeyusha akiba ya mafuta mwilini ili mdudu apate nguvu za kuruka masafa marefu. Ni homoni ya nzige haohao waliotuingilia tangu mwisho wa mwaka 2019, na ambao mwaka 2020 walifika Kenya kwa wingi usioonekana huko kwa miaka 70. Ina asidi amino 10, na katika 8 za mwanzo, 6 ni zilezile za homoni ya kamba, tena katika nafasi zilezile. Ukimdunga nzige homoni ya kamba, mafuta huyeyuka. Ukimdunga kamba homoni ya nzige, rangi hukusanyika. Ni ndugu wa tumbo moja waliopewa majina ya kazi mbili zisizofanana, na aliyejua majina peke yake asingekisia udugu wao.

Utafiti wa homoni za nzige hauko mbali nasi. Thomas Odhiambo wa Kenya, aliyesoma Makerere kisha Cambridge chini ya Wigglesworth, alichunguza vile vitezi vya homoni ya uchanga katika nzige dume wa jangwani na kutoa taarifa zake katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu, ICIPE. Alifariki mwaka 2003.

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Neno mshipa, ambalo limetutumikia vizuri hospitalini, halifai katika somo hili. Mshipa wa fahamu na mshipa wa damu vyaweza kutenganishwa vikiwa mbalimbali, lakini hapa jambo lenyewe ni kwamba kimoja humimina katika kingine, na tukiandika kwamba mishipa hutoa homoni katika mishipa tutakuwa hatukusema kitu. Sisi si wapenzi wa kutohoa ovyo, lakini hapa neva ndilo neno.

Kihusishi cha -a nacho kinabebeshwa mizigo mingi. Homoni ya ubongo ni ile itokayo katika ubongo. Homoni ya ukuaji ni ile iletayo ukuaji. Na homoni ya tezi za kifua yaweza kuwa ile itolewayo na tezi hizo, ambayo ni ekdisoni, au ile iziamshayo, ambayo ni ya Kopeć. Lugha yetu ina virejeshi vinavyoondoa utata huo kwa silabi moja. Twapendekeza basi homoni iamshayo tezi za kifua, homoni ikusanyayo rangi nyekundu, homoni iyeyushayo mafuta; na kwa jumla yake homoni zitokazo katika neva, ambazo, zikisha kuelezwa hivyo mara moja, zaweza kufupishwa kuwa homoni za neva. Tunajua kwamba majina ya kazi huficha udugu, kama tulivyoona. Udugu utajwe katika maelezo ya kamusi. Jina moja haliwezi kusema yote.

Kuhusu tezi sinasi tumegawanyika. Wako wenzetu wanaosema tulitohoe jina la kimataifa lilivyo, ili mwanafunzi asipotee afunguapo vitabu vya kigeni. Maoni yetu ni kwamba liandikwe ghala la sinasi, kwa sababu hapo jina linakwenda na tendo, na kwa sababu kosa hili lina watu litakaowaumiza. Katika vituo vya kuzalisha kamba wakubwa aina ya Penaeus monodon, ambao ndio tuwavuao pia katika delta ya Rufiji, majike mara nyingi hukatwa au hufungwa kikonyo kimoja cha jicho ili watage. Ujuzi huo unatokana na kazi ya Mfaransa J. B. Panouse ya mwaka 1943, aliyeona mayai ya uduvi yakikua upesi baada ya vikonyo kuondolewa. Kinachoondolewa ni homoni izuiayo mayai kukua. Afisa wa uvuvi atakayesoma katika mwongozo kwamba tezi iliyo jichoni yahusika na uzazi, atafahamu kwamba ni tezi iletayo uzazi, na hatajua kwa nini aiondoe. Na akilitoa donge peke yake akaacha zile seli za neva, amemjeruhi mnyama na huenda asipate mayai aliyoyatafuta. Kwa vile vitu viwili vilivyo nyuma ya ubongo wa mdudu, karibu na moyo, ambavyo ni ghala kwa upande mmoja na kiwanda kwa upande mwingine, neno ghala halitatosha. Jina lake la Kilatini lina maana ya miili ya moyo, na halikupata kudai chochote kuhusu kazi yake. Ndiyo maana halijapata kuaibika. Hilo litafsiriwe lilivyo.

Limebaki suala la kujivua. Kujivua gamba kwafaa kwa kaa na kamba, ingawa maneno hayo yalitekwa na siasa nchini Tanzania mwaka 2011 na mwalimu atavumilia kicheko darasani. Kwa wadudu, kujivua ngozi kwatosha. Lakini hatua za mnyama kabla ya kujivua, wakati wa kujivua na siku zile ambapo bado ni laini bado hazina majina katika orodha zetu. Kwa nzige wachanga kamusi za zamani zilihifadhi tunutu, kimatu na maige, na hatuoni sababu ya kudhani kwamba wavuvi walikuwa wavivu kuliko wakulima. Walimu walioko Kilwa, Mafia, Pemba, Lamu na Vanga wanaombwa wawaulize watega kaa, kisha watuandikie neno, mahali liliposikiwa, na kaa wa aina gani aliyetajwa, kabla hatujaanza kutohoa.